Ajabu Kwanza, Ujumbe Baadaye: Kusoma Riwaya za Kisayansi, za Fantasia na za Kutisha Ukiwa Mwanza

Wasomaji wengi wanaoachana na riwaya za ajabu huachana nazo kwa njia mbili. Wa kwanza anatumiwa kwenye simu faili la riwaya ya Kiingereza yenye kurasa elfu moja. Anaanza kwa moyo, lakini akifika ukurasa wa arobaini majina ya wafalme na milima yameshamchanganya, na faili linabaki hapo mpaka simu ijae. Wa pili aliisoma Kusadikika ya Shaaban Robert sekondari, akajaza daftari dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, akafaulu, na tangu siku hiyo hajaigusa. Wa kwanza alianza na kitabu kisicho saizi yake. Wa pili hakuwahi kukisoma kitabu chenyewe, alisoma maswali ya mtihani.

Maelekezo haya ni ya mtu mwenye nusu saa kwa siku na simu ya kawaida, au kikundi cha watu watano hadi wanane wanaoweza kukutana Kirumba, Nyegezi au popote pale penye viti na utulivu.

Kukaa ndani ya ajabu

Chukua hiyo hiyo Kusadikika, iliyotoka 1951. Nchi yenyewe inaelea angani. Darasani jambo hilo hupewa dakika moja: ni fumbo la utawala wa kikoloni, andikeni, tuendelee. Ni fumbo kweli. Lakini anayetaka kuonja riwaya hii hukaa kwanza huko huko angani na kuuliza maswali ya mtoto. Kama nchi inaelea, mipaka yake iko wapi? Anayetumwa nje anatokaje? Shaaban Robert anawatuma wajumbe pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Ni sita na si nne, kwa kuwa nchi iliyo hewani ina juu na chini kama sisi tulivyo na kusini na kaskazini. Mwandishi ameweka kanuni moja ya ajabu, kisha ameifuata mpaka mwisho wake. Kila mjumbe anarudi na jema la kuisaidia nchi, na kila mjumbe anaishia gerezani. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa kuzisimulia safari hizo mbele ya mfalme. Ukiwa umeshazisafiri pamoja nao, dhuluma inakuuma yenyewe, huhitaji kuonyeshwa ujumbe uko wapi.

Ili usirudi kwenye mazoea ya darasani, tumia daftari lenye safu tatu kwa kila riwaya: Kanuni, Gharama, Shaka. Kwenye Kanuni andika jambo la ajabu ambalo kitabu kinataka ulikubali. Kwenye Gharama andika linamgharimu nani, na nini. Kwenye Shaka andika swali ambalo mwandishi hajalijibu bado, pamoja na ukurasa.

Mfano mzuri wa zoezi hili ni The Invisible Man ya H. G. Wells (1897), kwa sababu kanuni yake ni moja tu: mwili wa mtu hauonekani. Msomaji mvivu huandika hapo “ana bahati”. Msomaji makini anaijaza safu ya Gharama ukurasa kwa ukurasa. Nguo zinaonekana, kwa hiyo akitaka kujificha lazima atembee uchi kwenye baridi ya Uingereza. Chakula alichokula kinaonekana tumboni mpaka kisagwe. Kushuka ngazi kunamtatiza, maana haioni miguu yake mwenyewe. Ukifika hapo umeshaelewa kinachoitofautisha riwaya nzuri ya aina hii na porojo: katika porojo ajabu ni ya bure, katika riwaya nzuri ajabu ina bei.

Safu ya tatu ndiyo itakayokuzuia kukata tamaa. Riwaya za kisayansi na za fantasia hutumia maneno yaliyobuniwa, na msomaji anayesoma kwa Kiingereza hudhani hajui lugha. Hukimbilia kamusi, hakuti kitu, huchoka. Ukikutana na neno geni, liandike kwenye Shaka na uendelee. Likirudi mara tatu bila kueleweka, rudi nyuma kurasa mbili. Likitokea mara moja tu, liache lilale.

Pima kabla ya kuvaa

Fungua kitabu katikati, usome ukurasa mmoja mzima, na kukunja kidole kwa kila neno usilolijua, ukiacha majina ya watu na mahali. Vidole viwili au vitatu, kitabu ni chako. Vidole vitano, kisome na mwenzako. Zaidi ya hapo, kiweke mwaka mmoja.

Kisha pima urefu. Anayesoma kwa lugha ya pili hupita takribani maneno 130 kwa dakika, ambayo kwa nusu saa ni karibu 4,000. The Time Machine ya Wells (1895) ina maneno kama 32,000: siku nane, au safari ya meli ya kwenda na kurudi Nansio, Ukerewe. Frankenstein ya Mary Shelley (1818) ina kama 75,000: siku kumi na tisa. Dracula ya Bram Stoker (1897) ina karibu 160,000: siku arobaini. The Lord of the Rings ya Tolkien (1954 hadi 1955) inakaribia nusu milioni, yaani miezi minne bila kuruka hata siku moja. Ni riwaya kubwa inayostahili heshima yake, lakini kuanza nayo ni kama kujifunza kuogelea kwa kuvuka kwenda kisiwa cha Ukara.

Kabati la Kiswahili

Anza hapa hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Akili ikiwa haihangaiki na lugha, inabaki huru kuhangaika na ajabu.

Baada ya Kusadikika, soma Adili na Nduguze (1952) ya mwandishi huyo huyo. Ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na Adili anatakiwa kuwapiga kila usiku. Jiulize ni nani anayeumia zaidi, na safu ya Gharama itajaa. Kufikirika, iliyochapishwa 1967 baada ya mwandishi kufariki, inafuata vizuri.

Kisha vuka maji. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki 2020. Wengi wanamjua kwa Rosa Mistika (1971), lakini kazi zake za ajabu ni Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hazifiki kurasa mia kila moja, na ndizo zinazowashinda watu wengi kuliko Dracula. Tatizo ni kwamba msomaji anatafuta mfuatano: nani alifanya nini, kisha nini kikafuata. Nagona haiendi hivyo. Msafiri anapita mahali ambapo muda na mantiki ya kila siku havifanyi kazi, na sura inafuata nyingine kama ndoto inavyofuata ndoto. Mzingile inamtembeza msomaji katika dunia baada ya maangamizi makubwa. Isome Nagona mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa sauti, bila daftari, kwa vikao viwili au vitatu, na ukubali kutoelewa. Kezilahabi alikuwa mshairi, na sentensi zake zina pumzi ambayo jicho peke yake haliisikii. Mara ya pili, baada ya wiki moja, ndipo utoe daftari na kuandika vitu vinavyorudi: wanyama, maji, kimya, mwanga. Fuatilia vitu hivyo, usifuatilie matukio. Ukimaliza Nagona, usipumzike zaidi ya wiki mbili kabla ya Mzingile, maana hizi mbili zinazungumza.

Walenisi ya Katama Mkangi (1995), kutoka Kenya, ni rahisi zaidi na ina chombo cha angani cha kweli. Dzombo amehukumiwa kifo, na chombo kilichotakiwa kumwangamiza kinamfikisha nchi nyingine. Litamke jina la nchi hiyo polepole utaligundua: wale ni sisi. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ni ya mzuka wa babu anayemrudia mjukuu aliyejisahau madarakani, na inafaa sana kwa kikundi. Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) ni nzito. Iacheni mpaka mmeshazoeana.

Angalizo kwa wanunuzi: majina hudanganya. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968) za Muhammed Said Abdulla si riwaya za mizimu. Ni za upelelezi, za Bwana Msa, na mambo yanayoonekana ya kichawi huishia kuchambuliwa kwa akili. Ni vitabu vizuri mno, na msomaji wa riwaya za kutisha atajifunza humo jinsi hofu inavyojengwa, mradi asinunue akitegemea pepo.

Vya nje, na puto lililopita juu yetu

Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mlango mzuri wa kuingilia riwaya za kisayansi za Ulaya ni riwaya ya kwanza ya Jules Verne, ya mwaka 1863. Itafute kwa jina la Kiingereza, Five Weeks in a Balloon. Daktari Fergusson na wenzake wawili wanaondoka Zanzibar kwa puto liitwalo Victoria, wanapita Kazeh, yaani Tabora ya leo, wanafika kwenye ziwa letu ambalo Verne analiita Ukerewe, na kuelekea magharibi mpaka Senegal. Msafiri Mwingereza John Speke alikuwa ameliona ziwa hili kwa mara ya kwanza upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, kwa hiyo Verne alikuwa akiandika habari mbichi, kutoka kwenye ramani, bila kukanyaga huku.

Isome ukiwa na ramani ya Afrika Mashariki na penseli. Kanuni ya kisayansi ya kitabu ni moja: puto la kawaida likitaka kushuka hutoa gesi, na likitaka kupanda hutupa uzito, hivyo safari ndefu haiwezekani. Fergusson anaipasha moto haidrojeni ili itanuke na puto lipande, kisha anaiacha ipoe ili lishuke, bila kupoteza gesi. Kwa hiyo anaweza kupanda na kushuka kutafuta upepo unaokwenda anakotaka. Weka alama kila mahali anapotumia mbinu hiyo. Halafu, kwa rangi nyingine, weka alama kila mahali Verne anapomwelezea Mwafrika. Utaona mtu aliyepiga hesabu ya gesi kwa uangalifu mkubwa akiwabuni wenyeji kwa dharau na uvumi. Usizikwepe kurasa hizo na usizisamehe. Kikundi kinachozijadili kwa uwazi hupata hapo somo kubwa: sayansi ya riwaya inaweza kuwa sahihi huku watu wake wakiwa wa uongo.

Ukisoma Frankenstein, kumbuka mambo mawili. Inaanza kwa barua za nahodha aliye kwenye barafu, ambaye si mhusika mkuu. Mvumilie. Na Frankenstein ni jina la kijana aliyemuumba kiumbe. Kiumbe mwenyewe hana jina, na kunyimwa jina ni sehemu ya kilio chake.

Za karibuni tuzitaje kwa haraka. Binti ya Nnedi Okorafor (2015) ni fupi na ya angani, na msichana wake ni Mhimba wa Namibia, ingawa jina ni letu. A Wizard of Earthsea ya Ursula Le Guin (1968) ni ya visiwa na mitumbwi, na mtu wa kisiwa cha Kome ataisoma kama aliyezaliwa humo. Kindred ya Octavia Butler (1979) inamrudisha mwanamke mweusi wa Marekani kwenye enzi ya utumwa, na ni kali kuliko riwaya nyingi za mizimu. Kwa Stephen King anza na Carrie (1974), ambayo ni fupi. It (1986) inapita kurasa elfu.

Kuvipata bila kupoteza hela

Ulizia kwanza Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Usiulize “vitabu vya kutisha”, maana hakuna rafu yenye jina hilo. Taja mwandishi na jina la kitabu, na uombe rafu ya fasihi ya Kiswahili. Vya Shaaban Robert vimechapishwa upya na Mkuki na Nyota, hivyo hupatikana kwa kuagiza Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi. Waandishi wetu huchapwa nakala chache, na anayesambaza nakala ya kupigwa picha anapunguza uwezekano wa kitabu kurudi dukani. Nunueni, hata mkichanga watu watatu.

Kwa vitabu vya mitumba, kagua kabla ya kutoa hela. Vitabu vingi hutengenezwa kwa mikunjo, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kilichoshonwa kikipoteza kitu kinaweza kupoteza mkunjo mzima. Angalia namba kila baada ya kurasa 16, na usome sentensi ya mwisho ya kitabu kuhakikisha kimeisha kweli. Kinukie. Harufu ya ukungu haitoki, na ukungu huhamia kwenye vitabu vingine.

Riwaya za kale, kama za Wells, Stoker, Shelley na Verne, zinapatikana bure na kihalali kwenye Project Gutenberg, maktaba ya intaneti iliyoanzishwa 1971. Chagua faili la EPUB lisilo na picha. Kwa kawaida halizidi MB moja, na maandishi yake yanajipanga kulingana na kioo cha simu. PDF iliyopigwa picha inaweza kufika MB 40, na kila mstari utausukuma kushoto na kulia kwa kidole. Hilo peke yake limewafukuza wasomaji wengi. Kuza herufi mpaka mstari uwe na maneno saba au nane, punguza mwanga, na zima data ujumbe usikukatize.

Vitabu vya karatasi visikae kwenye ukuta unaotazama ziwani wala sakafuni. Siku zile wingu la vijidudu vya ziwani linapoingia mjini, usisomee chini ya taa: wanavutwa na mwanga, wanapondwa katikati ya kurasa na kuacha doa lisilotoka. Soma ndani ya chandarua. Kitabu kikilowa kwenye mtumbwi au mvua, usikibandue kurasa na usikianike juani, kitapinda. Kikaushe nje kwa kitambaa, kisimamishe wima kikiwa kimefunguka kidogo, weka karatasi ya kunyonya maji kila baada ya kurasa ishirini, na uibadilishe asubuhi na jioni. Kikibaki na unyevu kidogo tu, kilaze chini ya uzito siku mbili.

Kikundi, na suala la uchawi

Watu sita na nakala tatu zinatosha. Kila wawili washirikiane nakala moja, mmoja siku tatu za mwanzo wa wiki, mwenzake tatu za mwisho. Kutaneni kila baada ya wiki mbili kwa dakika tisini: thelathini za kusoma kwa sauti, thelathini za safu ya Shaka, thelathini za mjadala. Neno “ujumbe” lisitamkwe mpaka theluthi ya mwisho. Aliyetangulia mbele asiseme kilichoko huko. Mkikiuka hili mara mbili, watu wataacha kuja.

Kuna jambo moja la kulichukulia kwa uzito wote. Kanda ya Ziwa imeona vikongwe wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo aghalabu ni ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, na imeona watu wenye ualbino wakiwindwa. Kwa hiyo kikundi kikisoma riwaya yenye mchawi, kiongozi aweke mpaka tangu mwanzo: tunamzungumzia mhusika, hatumtaji jirani, hatusemi “kama yule bibi wa kwetu”. Na mjiulize kila mara kitabu kinamtia nani lawama. Riwaya ya kutisha iliyo bora humfanya msomaji amwonee huruma anayesingiziwa. Kitabu kinachomfanya mzee au mwenye ngozi tofauti kuwa chanzo cha ubaya, bila swali lolote, kiacheni.

Kwa kikao cha kwanza cha kutisha chagueni sura ya pili ya Dracula, iliyo ndani ya shajara ya kijana mwanasheria, Jonathan Harker, akiwa ngomeni kwa mwenyeji wake. Anayesoma ajiandae nyumbani, ajue kila neno, aanze giza linapoingia. Katika sura hiyo Harker ananyoa ndevu, kioo kimetundikwa dirishani. Mkono unamgusa begani, sauti inamsalimu asubuhi njema. Anashtuka, maana chumba chote kilikuwa kinaonekana kiooni nyuma yake, na hakumwona mtu akiingia. Anageuka: mwenyeji wake amesimama pale. Anarudi kutazama kioo: yuko peke yake. Msomaji asipandishe sauti hapo wala asiharakishe. Asome kama anayesoma risiti, anyamaze pumzi tatu, aendelee. Kosa la wengi ni kuigiza, na wakiigiza watu hucheka. Kikao kikatwe mwisho wa sura hiyo hiyo, Harker akizunguka ngome, akijaribu mlango baada ya mlango, na kila mmoja umefungwa kwa komeo.